Bariadi Msimu wa Kura: Nani Mgeni, Nani Mwenyeji?

Anayekuja Bariadi kutoka Mwanza hufuata barabara ya Musoma, Ziwa Viktoria likiwa mkono wake wa kushoto, mpaka Lamadi. Hapo hukunja kulia na kuliacha ziwa nyuma yake. Lamadi ni mji wa wapitao. Husimama hapo magari ya watalii yanayoelekea lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, malori yanayotoka Sirari mpakani mwa Kenya, na akina mama wenye ndoo za dagaa wanaosubiri basi lolote litakalopunguza mwendo. Baada ya hapo ni kilometa 70 na ushei za lami, katika nchi ya mbuga nyeusi na mawe makubwa yaliyopandana, hadi mjini kwetu. Mwezi huu wa Septemba ardhi imekauka, mashamba yamebaki mabua, na nyuzi za pamba zilizodondoka kutoka kwenye malori zimenasa katika miiba ya kando ya njia kwa mwendo mrefu.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 2,140,497. Kwa pamba ndio unaoongoza nchini. Kwa nchi kavu haupakani na taifa lolote la kigeni. Atokaye nje hutufikia akiwa amekwisha kuvuka mikoa mingine. Naanza kulitaja hilo kwa kuwa tangu kampeni za Uchaguzi Mkuu zilipofunguliwa tarehe 28 Agosti 2025, neno ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko maji na barabara, sokoni, katika vijiwe vya bodaboda na hata barazani kwetu baada ya Alasiri, ni neno "wageni".

Mwandishi wa mistari hii naye ni mgeni wa namna yake. Nilizaliwa Kondoa, nikasoma chuo cha Kiislamu huko Unguja, nikaletwa Bariadi na kazi ya kufundisha madrasa, na sasa ni mwaka wa nne nikiwa katibu wa kamati ya msikiti. Wanyantuzu, kama wanavyoitwa Wasukuma wa upande huu, walinipokea kwa "mwangaluka" ya asubuhi na sahani ya michembe, wala hakuna aliyeniuliza babu yangu alizikwa wapi. Waislamu hapa si wengi. Ukiisimamia safu moja ya Magharibi utamkuta Msukuma aliyesilimu ujanani, Mmanyema ambaye ukoo wake ulitoka Ujiji na kabla ya Ujiji ulitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mjukuu wa Mwarabu aliyefungua duka la nguo enzi za Mwingereza, Msomali dereva wa lori na Mrangi mmoja, ambaye ni mimi. Wote huagana kwa Kiswahili, na wengi wao wakiudhika hutukana kwa Kisukuma, Allah atusamehe.

Miongoni mwa kazi za katibu ni kutunza daftari la wageni. Msafiri akikosa pa kulala, kipo chumba cha nyuma chenye mikeka. Huandika jina, atokako na aendako. Kwa siku tatu ni mgeni wetu, kama tulivyofundishwa. Akizidisha, hupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa ajulikane, maana Sheria ya Uhamiaji inamwadhibu pia anayemficha mtu aliyeingia nchini bila kibali, na msikiti hauko juu ya sheria. Utaratibu huo umetutosha miaka yote.

Mwaka huu daftari limeanza kuulizwa habari zake.

Asili ya maulizo hayo ni pana kuliko Bariadi. Mwezi Julai mwaka huu Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo. Imo humo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, uongozaji wa watalii, uchimbaji mdogo wa madini, na jambo linalotugusa sisi wa Simiyu moja kwa moja: ununuzi wa mazao shambani. Asiye raia akipatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, na kufutiwa kibali chake. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake. Chimbuko la amri hiyo ni malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo dhidi ya wageni, hasa Wachina, waliotoka katika ghala na viwanda wakaingia kuuza rejareja vibandani. Nairobi walilalamika mara moja, wakikumbusha Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Julai 2010.

Tusiwe wepesi wa kuyadharau malalamiko hayo. Muuza duka anayelipa kodi ya pango, leseni na ushuru, kisha akaona mlango wa pili mtu mwenye kiwanda anauza bidhaa ile ile kwa bei ya kiwandani, ana haki ya kulia. Mzee mmoja katika kamati yetu ana duka la vyombo vya plastiki, naye aliniambia kwa sauti ya chini: "Ustadh, mimi sina chuki na mtu. Lakini beseni ninalolinunua kwa elfu nne, yeye analiuza elfu tatu na mia tano. Nitawalisha nini wajukuu?" Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani kama kitabu chochote nilichosoma chuoni kina jibu la beseni lile.

Ama kuhusu ununuzi wa mazao shambani, nchi hii ya pamba ina kumbukumbu ndefu. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake kwa wanunuzi ambao wengi wao walikuwa Waasia, na kilio chake kikubwa kilikuwa mizani. Mzigo ulipungua kilo ukiwa juu ya chuma. Dawa iliyotafutwa na kina Paul Bomani na wenzake ilikuwa kumweka mpimaji wao kando ya mizani, kisha kuunda vyama vya wakulima, hata mwaka 1955 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha Victoria Federation, ambacho baadaye kilinunua na kuchambua pamba chenyewe. Hawakuanza kwa kumfukuza mwenye mizani. Leo pamba hupita katika AMCOS, na dengu na choroko, ambazo soko lake kubwa ni India, zimeingizwa katika stakabadhi ghalani. Pamoja na hayo mkulima bado analalamika, na mara nyingi anayemlalamikia ni karani wa kijijini kwake, aliyezaliwa naye, anayejua jina la mama yake.

Lakini katika msimu wa kura, kilio cha beseni na kilio cha mizani hukusanywa vikatiwa katika kapu moja lenye jina la "wageni", na kapu hilo humbebesha mzigo mtu ambaye hajawahi kumiliki kiwanda wala kununua hata gunia la dengu.

Na kwa nini Simiyu? Kwa sababu kura za hapa zina historia ya kuyumba. Bariadi ndiko nyumbani kwa UDP ya Mzee John Cheyo, "Bwana Mapesa", aliyegombea urais mwaka 1995 na baadaye akaketi bungeni kwa miaka mingi kama mbunge wa Bariadi Mashariki. Mwaka 2010 majimbo mawili ya Maswa na jimbo la Meatu yalichukuliwa na CHADEMA, na baadaye yakarudi CCM. Mwaka huu CHADEMA haimo katika karatasi ya kura. Naye Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa katika Meatu hii hii, alihama CCM mwezi Agosti akateuliwa na ACT-Wazalendo kuwania urais. Ninapoandika haya, mwishoni mwa Septemba, jina lake limeondolewa na Tume. Mpiga kura wa Simiyu amezoea kubembelezwa, na mwenye kubembeleza hutafuta neno jepesi. Kupandisha bei ya pamba ni kazi ngumu inayotegemea soko la dunia. Kuahidi kuwakamata wageni hakuna gharama jukwaani.

Mchezo huu una umri wa vyama vingi vyenyewe. Chini ya chama kimoja, Tanzania ilikuwa mfano wa dunia kwa kupokea wakimbizi. Warundi wa mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa medali ya Nansen kwa ajili hiyo. Kisha Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakati ambao nchi ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wake wa kwanza wa ushindani. Wagombea wa pande zote walisikia manung'uniko ya Ngara na Karagwe: kuni zimekwisha, mifugo inaibwa, visima vimekauka. Machi 1995 mpaka wa Burundi ukafungwa. Oktoba ukafanyika uchaguzi. Desemba 1996 Wanyarwanda wakaamriwa wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na mwaka 1998 ikaja sheria mpya ya wakimbizi iliyo kali kuliko desturi tuliyoizoea. Mzigo ulikuwa mzito kweli, na jumuiya ya kimataifa ilituachia sehemu kubwa ya mzigo huo. Anayesimulia habari za miaka ile bila kulitaja hilo hatendi haki. Hata hivyo, tangu wakati huo wanasiasa wetu walijifunza kwamba mkimbizi hapigi kura, ila jirani yake anapiga.

Mwaka 2013 tuliliona tena kwa karibu zaidi. Mwezi Julai Rais Kikwete, akiwa Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Makumi ya maelfu walivuka mpaka, wengine wakiwa wamekaa nchini miongo kadhaa, wameoa na kuolewa na raia. Geita ni ng'ambo tu ya maji kutoka kwetu. Mama mmoja anayeswali katika upande wa wanawake wa msikiti wetu alikuja Bariadi mwaka ule na watoto wanne. Mumewe aliondoka na waliomwondoa, na tangu hapo amepata simu mbili. Yeye ni raia, watoto ni raia. Mkubwa wao sasa ana umri wa kupiga kura, lakini alipotafuta kitambulisho katika ofisi moja aliambiwa arudi na vyeti vya babu mzaa baba. Mama yule hahudhurii mikutano ya kampeni. Akisikia kipaza sauti kinapita barabarani, huwaita watoto ndani.

Hapa niruhusiwe neno moja la lugha, kwa sababu ya masomo niliyopewa. Magazeti yetu, redio zetu na wasemaji wa serikali husema "wahamiaji haramu". Katika fiqhi, uharamu ni hukumu ya kitendo, au ya kitu kama nyama ya nguruwe. Kuvuka mpaka bila kibali ni kosa la kisheria, na asemaye hivyo amesema kweli. Lakini "mtu haramu" ni nini? Juni 2012 katika wilaya ya Kongwa, Dodoma, miili zaidi ya 40 ya vijana wa Kihabeshi ilitupwa porini baada ya kukosa hewa ndani ya lori lililokuwa likiwapeleka kusini. Habari za siku ile ziliwaita wahamiaji haramu, hata wakiwa maiti. Mimi huandika "wahamiaji wasio na vibali". Ni maneno manne marefu, na mhariri anajua kwamba ninayapenda hivyo.

Jambo linalonishangaza kuliko yote ni kwamba kilio cha wageni kinapigwa Usukumani. Wasukuma ni watu waliohama sana na ng'ombe wao. Wamejaa Rukwa na Katavi, wamefika Usangu, Kilombero, Rufiji na Lindi. Huko ndiko walikojifunza wenyewe maana ya kuitwa wageni, tena ndani ya nchi yao. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa Usangu kulinda ardhioevu ya Ihefu. Mwishoni mwa 2012 zamu ikawa ya Kilombero. Ng'ombe walikufa njiani. Karibu kila mji wa Itilima au Meatu una mtoto, shemeji au mjomba aliyepitia hayo. Huko alikotimuliwa, wanasiasa wa mahali pale walishangiliwa kwa kuahidi kumtimua.

Na gurudumu hilo lina mzunguko wa ajabu. Mpina huyo niliyemtaja alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi mwaka 2017, wakati ng'ombe zaidi ya 1,000 wa wafugaji wa Kenya waliokutwa upande wetu walipigwa mnada, na vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kupitia Namanga vikachomwa moto. Operesheni iliyofuata ya kudhibiti mifugo ikapewa jina la Kisukuma, Nzagamba, yaani dume la ng'ombe. Nakumbuka hapa Bariadi walikuwapo waliofurahi sana. Mzee mmoja mfugaji wa Meatu, aliyeleta ng'ombe mnadani, hakucheka. Alisema ng'ombe hasomi ramani, na kwamba wake yeye waliwahi kukamatwa hifadhini wakapigwa mnada vile vile, na aliyewanunua alikuwa Msukuma mwenzake.

Haya si ya kwetu peke yetu. Januari 1983 serikali ya Alhaji Shehu Shagari huko Nigeria iliamuru wageni wasio na vibali waondoke, Waghana wakiwa wengi kuliko wote. Uchaguzi ulikuwa Agosti. Alishinda, na tarehe 31 Desemba mwaka ule ule jeshi likampindua. Ile mifuko mikubwa ya mirabaraba ambayo kwetu huitwa "shangazi kaja", Wanigeria mpaka leo huiita kwa jina la kumtaka Mghana aondoke: mfuko ni ule ule, wao wameupa jina la anayefukuzwa, sisi la anayekaribishwa. Uingereza nako, chama cha Conservative kilitangaza Aprili 2022 mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi. Kikatumia fedha nyingi na kushindwa vibaya uchaguzi wa Julai 2024 bila kumsafirisha kwa nguvu hata mmoja wao. Labour kiliufuta mpango, kisha chenyewe kikaanza kukaza masharti ya uhamiaji, kikihofia kura zinazokimbilia chama cha Reform UK.

Sisi tuna habari kongwe zaidi ya hizo. Maswahaba walipohamia Uhabeshi, Makureshi waliwatuma Amr bin al-As na mwenzake na zawadi za ngozi kwa Najashi na watu wa baraza lake, ili wahamiaji wakabidhiwe bila hata kusikilizwa. Baraza lilikuwa tayari. Mfalme alikataa kuamua kabla hajamsikia Jaafar bin Abi Talib, na baada ya kumsikia alizirudisha zawadi. Katika darsa ya wiki iliyopita kijana mmoja aliniuliza: je, Najashi angekuwa anasubiri kura za baraza lile? Darsa lilirefuka hadi Isha.

Sasa nirudi kwenye daftari. Wiki mbili zilizopita kada wa chama kimoja, ambacho sitakitaja, alikuja kwa mwenyekiti wetu na maombi mawili. La kwanza, lisomwe tangazo baada ya swala ya Ijumaa kuwataka waumini wataje wageni wanaowajua, "kwa usalama wa uchaguzi". La pili, apewe majina ya waliolala msikitini tangu Juni. Alikuja kwa adabu, akiwa amevua viatu.

Kamati ilikaa Jumatatu, watu tisa. Juu ya tangazo hapakuwa na mabishano marefu, kwa kuwa maadili ya uchaguzi yanakataza kufanya kampeni katika nyumba za ibada. Juu ya daftari tulikaa saa mbili. Mzee wa mabeseni alisema anayeogopa kuorodheshwa ana lake jambo, na kwamba sisi tunawaonea huruma watu wasiotuonea huruma sokoni. Mwingine akamjibu kwamba mwenye mabeseni ya bei nafuu hajawahi kulala juu ya mkeka wetu hata siku moja. Walicheka wote, naye akacheka, ila hakubadili msimamo. Nilipoombwa rai yangu nilisema kwamba ofisa wa serikali akija na kitambulisho chake na barua, daftari litafunguliwa mbele yake saa ile ile. Chama cha siasa si ofisi ya serikali, na jina la msafiri aliyelala kwetu ni amana.

Saba walikubali, mmoja akanyamaza, mmoja akapinga. Niliandika katika muhtasari sababu za aliyepinga kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na bei za mabeseni, naye akasaini. Ijumaa iliyofuata alikuja mapema kama kawaida yake, akafagia chumba cha nyuma na kukung'uta mikeka, kwa sababu usiku alikuwa amelala humo dereva wa lori kutoka Sirari pamoja na taniboi wake, na ilikuwa zamu yake.